Kujikinga na Simba kwa Wasafiri wa Visiwani

Unguja na Pemba hakuna simba, kwa hiyo ndugu zetu wanaovuka bahari kwenda kulima au kuchuuza Rufiji na Lindi hawana mazoea naye. Simba huwageukia watu hasa pale wanyama anaowawinda wanapopungua, naye huwafuata nguruwe pori wanaoingia mashambani, ambako mkulima hulala dunguni akilinda mazao yake. Hatari huzidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu, kwenye giza la baada ya magharibi kabla mwezi haujachomoza. Saa hizo, nawasihi, mtu asitembee peke yake wala msimtume mtoto dukani. Dungu liwe na kuta imara. Ukikutana naye usikimbie wala usimpe mgongo, bali simama wima, paza sauti, kisha urudi nyuma polepole huku ukimtazama.