Kuchora ramani ya jeni za mavuno ya ngano: kutoka ploti za Arusha hadi kilele kwenye grafu

Mavuno ya ngano hayabebwi na jeni moja. Yanatokana na idadi ya masuke kwa mita ya mraba, punje kwa suke na uzito wa punje, na jeni za sifa hizo zimetawanyika kwenye jozi 21 za kromosomu, zenye seti tatu: A, B na D. Kuchora ramani ni kutafuta vipande vya kromosomu vinavyoandamana na sifa hizo; kipande cha namna hiyo huitwa QTL. Kompyuta huifanya kazi hiyo kwa muda mfupi. Kinachokula miaka, na kinachoharibika kirahisi, ni shamba.

Hatua ya 1: Wazazi

Chagua wazazi wanaotofautiana kwa uzito wa punje au idadi ya masuke, lakini wanaokaribiana kwa urefu na kwa siku za kutoa masuke. Sharti hili la pili hupuuzwa mno. Ukikutanisha mrefu na mfupi, jeni za ufupi (Rht-B1 kwenye 4B, Rht-D1 kwenye 4D) zitafunika zote nyingine. Arusha nako mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo ngano inayosubiri siku ndefu huchelewa kutoa masuke. Tofauti hiyo ikiingia kwenye uzao wako, utakuwa unapima kalenda, si mavuno.

Kuhasi: kata ndevu, toa chavulio zote tatu za kila ua kwa kibano zikingali kijani, funika suke kwa mfuko wa karatasi, kisha pakaza chavua ya baba baada ya siku 2 hadi 4. Chavulio zikishakuwa njano, umechelewa, ua limeshajichavusha.

Hatua ya 2: Laini

Panda F1 (kizazi cha kwanza cha wazazi hao), vuna F2 (kizazi cha pili), kisha kila kizazi chukua punje moja tu kwa kila mmea mpaka F6. Mchanganyiko wa jeni, yaani sehemu zenye nakala ya mama na ya baba kwa pamoja, hupungua kwa nusu kila kizazi: 50% kwenye F2, takriban 3% kwenye F6. Anza na mimea 220 ili ubaki na laini 180, kila laini ikiwa uzao wa mmea mmoja wa F2. Usichague yoyote njiani, hata ile mibaya. Ukiitupa mifupi, umeipotosha ramani kabla hujaichora.

Hatua ya 3: Shamba

Hapa ndipo pa kutumia fedha. Sehemu mbili, misimu miwili, marudio mawili kila sehemu. Kwa mfano Selian (kituo cha utafiti wa kilimo Arusha) na nyingine upande wa Monduli au Siha. Ploti ya mistari 6, nafasi sentimita 20, urefu mita 2.5, inatoa mita 3 za mraba. Kwa kilo 100 za mbegu kwa hekta, kila ploti inapata gramu 30. Pima gramu hizo kwenye mizani na uzifunge kwenye bahasha kabla ya kwenda shambani, usikadirie kwa kiganja.

Andika tarehe ambayo nusu ya ploti imetoa masuke, urefu, masuke kwa mita ya mraba, na uzito wa punje 1,000. Rekodi ugonjwa wa kutu kwa kila ploti na weka watu wa kufukuza kwelea kwelea tangu punje zina maziwa. Ndege huanza na laini zinazowahi kukomaa, na baadaye takwimu zitakuonyesha "jeni ya mavuno" ambayo kumbe ni mdomo wa ndege.

Sahihisha unyevu. Ploti iliyotoa gramu 900 kwa unyevu wa 15%, ikisawazishwa kuwa 12.5%: 900 × 85 ÷ 87.5 = gramu 874, yaani tani 2.9 kwa hekta.

Hatua ya 4: DNA na alama

Chukua jani changa la mmea wa wiki 2 hadi 3. Jani la zamani lina sukari nyingi zinazochafua DNA. Uwiano wa 260/280, kipimo cha usafi wa DNA kwa mwanga, uwe karibu na 1.8. Majibu ya maabara yakirudi, ondoa alama (sehemu za DNA zinazosomwa kutofautisha mama na baba) ambazo wazazi wote wawili wanafanana na zenye mapengo mengi. Alama inayoonyesha mchanganyiko karibu kila laini inasoma kromosomu za A, B na D kwa pamoja, itupe. Laini ya F6 yenye mchanganyiko wa 20% nayo imeingiliwa na chavua au mbegu ya jirani.

Hatua ya 5: Ramani na QTL

Programu za R/qtl au QTL IciMapping zinatosha, zote za bure. Ramani ikirefuka kupita kiasi, tafuta makosa ya usomaji: laini inayobadili mzazi na kurudi ndani ya umbali mfupi sana. Kromosomu za D huwa na alama chache, zikikatika vipande usishtuke.

Tumia wastani wa kila laini uliosahihishwa kwa marudio. Kizingiti cha LOD (alama ya nguvu ya ushahidi wa QTL, ndiyo inayochora vilele kwenye grafu) kipate kwa kuchanganya takwimu ovyo mara 1,000. 3 ni desturi tu. Kisha weka grafu za sifa zote moja juu ya nyingine. Kilele cha mavuno kikikaa juu ya kilele cha urefu au cha siku za masuke, usikiite QTL ya mavuno. Kinachosimama mbali na hivyo, pamoja na kilele cha uzito wa punje, tena sehemu zote mbili, ndicho cha kufuata. Na asilimia ya tofauti ya mavuno inayotajwa kwa kila QTL ipunguze kichwani: uzao mdogo hukuza athari.

Hatua ya 6: Uthibitisho

Kati ya laini 180, tegemea 5 au 6 ambazo mmea wake wa F6 bado ulikuwa na nakala ya mama na ya baba mahali pa QTL. Panda punje 16 za mmea huo, pima DNA, utapata kama 4 za mama na 4 za baba, zilizofanana karibu kwingine kote. Zizalishe, kisha zipande kwenye ploti bega kwa bega.