Bibi au babu kapita miaka 80: namna ya kumfanyisha mazoezi ya kichwa hapo hapo nyumbani

Huku kwetu Mtwara mzee akianza kuuliza kitu kilekile mara tatu watu wanasema uzee huo, mwacheni apumzike, basi kuanzia hapo hapewi kazi, haulizwi bei ya korosho, hachambui hata mchele, anashinda kibarazani anaangalia bodaboda zinapita. Mi naona hapo ndo tunapowamaliza wenyewe. Mtu wa miaka 80 au 90 bado anajifunza, polepole na anachoka haraka, ila anajifunza. Marekani kuna utafiti mkubwa unaitwa ACTIVE, waliwachukua wazee zaidi ya 2,800 wa miaka 65 mpaka 94, wakawafanyisha mazoezi ya kichwa vipindi 10 tu vya kama saa moja hivi kwa wiki 5 au 6, wengine wakaja kuongezewa vichache baadae, na walivyopimwa baada ya miaka 10 wale waliofundishwa kufikiri kwa mpangilio na wale waliofundishwa kunasa vitu haraka kwa macho bado walikuwa wanawazidi ambao hawakufundishwa chochote.

Ila utafiti huohuo ulionyesha kwamba mzee anapanda kwenye kile alichofanyia mazoezi, sio kwenye kila kitu. Kwa hiyo usikimbilie kumwekea magemu ya simu eti yatamkinga asisahau. Kampuni yenye magemu ya kichwa ya Lumosity mwaka 2016 ilikubali kulipa dola milioni 2 huko Marekani kwa sababu ya matangazo ya namna hiyo. Sisi tuanzie kwake mwenyewe: anahitaji kukumbuka nini, anapenda nini, alikuwa fundi wa nini.

Kabla ya mazoezi yoyote angalia masikio na macho. Mzee asiyesikia vizuri tunamwona kasahau kumbe hakulipata neno tangu mwanzo, na pengine ni nta tu imejaa sikioni, hospitali wanaitoa. Wewe mwenyewe ukae mbele yake kwenye mwanga, zima tivii, ongea taratibu bila kupiga kelele, na kama ana miwani ifute. Muda mzuri ni asubuhi akishakunywa chai, dakika 15 au 20 zinatosha, jioni kachoka utamwonea bure.

Kama ni mtu wa bao, usitafute kitu kingine. Bao letu la mashimo 32 na kete 64 ni hesabu tupu, kila mmoja anaanza na kete 22 mkononi na zilizobaki ziko ubaoni, na kabla hajanamua, yaani hajaingiza kete ya mkononi ubaoni, inabidi aone kichwani kete ya mwisho itadondokea wapi, atakula nini, na mwenzake atajibu vipi. Sasa fanya hivi: kabla hajagusa kete mwambie, "Babu, hebu nionyeshe kwa kidole utaishia shimo gani," halafu acheze muone kama kapatia. Hapo ndo kichwa kinapofanya kazi, manake wengi wakizeeka wanacheza kwa mazoea ya mkono tu. Kama zile kete 22 zinamchanganya, rudini kwenye bao la kujifunza, kete mbili mbili kila shimo, hakuna za mkononi. Na usimwachie ashinde kila siku, anajua! Mtu mzima akigundua unambembeleza anaacha kucheza. Bora umtafutie mzee mwenzake wa mtaa wa pili waje washindane, watabishana, watakumbushana bao za zamani, hayo mabishano nayo ni mazoezi, na mzee aliyetengwa na watu akili yake inashuka haraka kuliko mwenye wenzake.

Kwa bibi aliyekuwa anasuka mikeka, mpe ukindu wa rangi mbili au tatu asuke nakshi. Vidole vikiwa vinauma basi mjukuu ndo asuke, bibi awe msimamizi, aseme sasa ingiza nyekundu, sasa ruka. Kuhesabu na kushika mpangilio kichwani anafanya yeye, mikono tu ndo ya mtu mwingine. Usimuache asuke mkeka uleule anaousuka akiwa amefumba macho, kila wiki ongeza kitu kidogo asichokizoea, kiwe kigumu kiasi kwamba anakosea mara moja moja lakini hakimkatishi tamaa.

Hesabu za korosho nazo wazee wetu wanazipenda sana, hasa msimu wa mnada. Mwambie Babu tumepeleka ghalani kilo 340, tuseme bei ni shilingi 2,500 na makato shilingi 200 kwa kilo, tunaondoka na ngapi? Bila simu, bila karatasi. Mpe muda. Atakaa kimya mpaka utadhani kasinzia halafu atakwambia laki saba na themanini na mbili elfu. Kesho badilisha namba.

Kuna njia moja nataka uishike vizuri kwa sababu inasaidia hata kwa mzee ambaye kumbukumbu imeshaanza kuondoka kweli. Chagua jambo moja tu analolihitaji kila siku, mfano dawa za presha zinakaa wapi. Mwambie, "Bibi, dawa za presha ziko kwenye kikapu cha bluu." Hapo hapo muulize, "Dawa za presha ziko wapi?" Akijibu, subiri dakika moja umuulize tena, halafu dakika mbili, nne, nane, kumi na tano, katikati mnapiga stori zingine za kawaida. Akikosea usimwambie hebu fikiria vizuri, mpe jibu palepale, alirudie, halafu rudi kwenye muda ule wa mwisho aliopatia uanzie hapo. Jambo moja mpaka likae, ndo uende kwenye jingine.

Na jamani tuache ule mtindo wa kumpeleka mtoto mbele ya bibi na kumuuliza "unamjua huyu nani?" Mbele ya watu wote anatahayari, anacheka tu kuficha. Anza wewe, "Shikamoo bibi, mimi Hamisi mtoto wa Asha," mengine yatafuata.

Stori za zamani nazo zitumie, ila kwa ujanja kidogo. Mambo ya zamani huwa hawayasahau haraka, atakusimulia treni ya Mtwara kwenda Nachingwea enzi za mkoloni, au safari za Dar mnavuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, yote hayo yapo. Kinachopotea ni cha jana. Kwa hiyo mkatishe katikati ya safari, sema tutaendelea kesho, halafu kesho muulize, "Bibi, jana tuliishia wapi?" Akikwama mpe kidokezo, tulikuwa tunasubiri pantoni, atadaka.

Mwili nao usiusahau. Finland kuna utafiti wa FINGER, matokeo yake yalitoka 2015, wazee wa miaka 60 mpaka 77 walifanyishwa mazoezi ya kichwa pamoja na mazoezi ya viungo, chakula kizuri na kufuatiliwa presha na sukari kwa miaka miwili, na vipimo vyao vya akili vilipanda kuliko wenzao waliopewa ushauri wa kawaida. Kwa hiyo atembee kila siku hata mpaka kwa jirani na kurudi, samaki na mboga za majani awe navyo, chumvi ipungue. Ila wa miaka 85 na kuendelea usimpe hesabu huku anatembea, ataanguka, hesabu ni akiwa amekaa.

Jambo la mwisho na hili ni la haraka. Mzee aliyekuwa vizuri juzi, leo kachanganyikiwa ghafla, anaongea visivyoeleweka au hajui yuko wapi, huyo sio wa bao wala vitendawili, ni wa hospitali siku hiyohiyo, inaweza kuwa malaria, mkojo mchafu, sukari imeshuka, kukosa maji au kiharusi. Na dawa zenyewe zinaweza kumchanganya, za usingizi na hizi za mafua zinazolewesha zinawasumbua sana wazee. Kusanya zote anazotumia, mpaka za kienyeji, tia kwenye mfuko mmoja nenda nazo, uwe hospitali ya Ligula hapa Mtwara au ya Sokoine pale Lindi ulizia dirisha la wazee, umtolee daktari mfuko wote mezani aangalie ipi ipunguzwe.