Ruzuku ya Texas kwa wanaosoma vyuo binafsi: bei ya tovutini isikutishe

Wazazi wetu wengi walioko Houston, Dallas na Abilene wakiona ada ya chuo binafsi humwambia mtoto asahau. Woga huo unaeleweka, lakini unawapotezea watoto pesa ambayo jimbo limekwisha kuitenga. Tangu 1971 Texas ina ruzuku iitwayo Tuition Equalization Grant, au TEG kwa kifupi, kwa mwanafunzi mwenye uhitaji anayesoma chuo binafsi kisichoendeshwa kwa faida. Si mkopo, hairudishwi. Baylor, Abilene Christian na University of St. Thomas ya Houston ni baadhi ya vyuo vinavyoitoa.

TEG haina fomu yake. Mlango ni FAFSA, ile fomu ya serikali kuu ya kuombea msaada wa masomo, kisha ofisi ya msaada wa masomo ya chuo ndiyo inayoamua nani apate na kiasi gani. Kila chuo hupewa fungu lake, na likiisha limeisha, hata kama mtoto wako ana kila sifa. Kwa hiyo jazeni fomu mapema, kwa kawaida hufunguliwa Oktoba, wala msisubiri barua ya kukubaliwa.

Kwa familia zetu, fomu hukwama zaidi kwenye majina na tarehe. Wakimbizi wengi waliandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari, na wengine jina la ukoo limekaa mahali pa jina la kwanza. Andika jina kama lilivyo kwenye kadi ya Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani), na tarehe kama ilivyo kwenye kumbukumbu zao, hata kama cheti cha ubatizo kinasema vingine. Ukitaka kusahihisha, anzia Social Security kwanza. Mzazi naye afungue akaunti yake ya kujazia FAFSA kwa barua pepe yake mwenyewe. Mtoto akitumia ya kwake kwa wote wawili, mfumo utakataa. Mzazi asiye na namba ya Social Security bado anaweza kufungua akaunti.

Kipato kinachoangaliwa ni cha miaka miwili nyuma. Baba akiwa amepunguzwa kazini tangu hapo, iandikieni ofisi ya chuo, ambatanisheni barua ya mwajiri, muombe hesabu ipitiwe upya. Haya si malalamiko. Sheria inawaruhusu kufanya hivyo, na mngefanya vibaya kunyamaza kwa aibu.

Masharti ya TEG yenyewe yasomeni kwa makini. Mwanafunzi awe mkazi wa Texas: kwa kawaida yeye, au mzazi ambaye yeye humtegemea, awe ameweka makazi ya kudumu jimboni kwa miezi 12. Mwenye grinikadi (kibali cha ukazi wa kudumu), mkimbizi na aliyepewa hifadhi wanaweza kutimiza hilo. Aliyekuja na viza ya mwanafunzi kutoka Nairobi au Dar, kwa kawaida hapana. Mkimbiaji wetu aliyepewa skolashipu ya riadha haipati. Wala haimfai kijana anayesomea shahada ya kumwandaa kuwa mchungaji, jambo ambalo familia za makanisani huligundua wakiwa wameshachelewa. Vijana wa kiume wenye umri unaohusika wawe wamejiandikisha Selective Service, orodha ya serikali ya wanaoweza kuitwa jeshini.

Kuipata mwaka wa kwanza ni nusu ya kazi. Ili iendelee, mwanafunzi wa shahada ya kwanza anatakiwa kukamilisha saa 24 za masomo (credit hours, vipimo vya uzito wa masomo) kwa mwaka na kuwa na wastani wa alama wa 2.5 kati ya 4.0. Anayefanya kazi za usiku ghalani na kutaka kuacha somo moja katikati ya muhula, aongee na ofisi ya msaada kabla ya kuliacha.

Barua ya msaada ikifika, chukueni kalamu. Ada, chakula na malazi viwe upande mmoja, ruzuku na skolashipu upande wa pili. Mikopo msiihesabu kama punguzo, hata kama chuo kimeipanga kwenye orodha ileile. Ulizeni pia kama TEG iliyoandikwa ni ya uhakika au ni makadirio, na jibu lije kwa maandishi kabla ya kulipa pesa ya kushikia nafasi.