Jinsi ninavyoipima gia boksi ya oto kabla mteja hajanunua gari ya mkononi, hatua kwa hatua

Gia boksi ya oto ina tabia mbili, moja ikiwa ya baridi na nyingine ikishapata moto, na muuzaji anayejua gari yake ina kasoro atakuonyesha ile tabia nzuri tu. Kuna gari asubuhi inagoma kushika rivasi lakini ikizunguka robo saa inakwenda kama mpya, na kuna nyingine asubuhi ni safi kabisa halafu nusu saa ya foleni inaanza kutetemeka na kuruka gia. Ndiyo maana ukaguzi wangu huwa unaanza gari ikiwa ya baridi na unaisha ikiwa ya moto, ukiniambia una dakika kumi tu za kuiangalia mimi nitakwambia usiende, tafuta siku nyingine.

Mimi ni fundi, gia boksi nazifungua mezani, kwa hiyo haya nayaandika vile vile ninavyomwelekeza mteja kwenye simu.

Hatua ya 1: jua ni gia boksi gani, jina la gari halitoshi

Watu wananiuliza sana "eti gari fulani gia yake ni imara?" na swali lenyewe halijakaa sawa, maana gari ileile ya mwaka uleule inaweza kuwa na gia boksi mbili tatu tofauti kutegemea injini. Fungua boneti au mlango utafute kile kibao cha chuma, gari nyingi za Kijapani zina mstari umeandikwa TRANS/AXLE na kodi (herufi na namba za kuitambulisha) pembeni yake, piga picha, ile kodi ndiyo utakayoiulizia kwa mafundi.

Kuna ile ya torki konveta, ya siku zote, nguvu ya injini inapita kwenye oili halafu kwenye gia za sayari (gia ndogo zinazoizunguka gia ya kati). Hii ndiyo inayovumilia watu wasiojali. Aisin wametengeneza nyingi sana za Toyota, na ZF wana ile 8HP ya gia 8 iliyotoka 2009 kwenye BMW ikasambaa kwa wengine wengi, zote mbili nikikuta zimebadilishwa oili kwa wakati huwa sina wasiwasi hata kama kilomita ni nyingi.

Halafu CVT. Hii haina gia za kupanda na kushuka, ina mkanda wa chuma (au cheni) katikati ya puli mbili zinazobana na kuachia. Kinachoshikilia ule mkanda usiteleze ni presha ya oili tu, sasa oili ikichoka au mtu akimimina ATF (oili ya gia boksi ya oto) ya kawaida badala ya oili ya CVT, mkanda unateleza, na ukiteleza unakwaruza uso wa puli, na puli iliyokwaruzwa hairudi tena kuwa laini hata umwage oili mara kumi. Nissan walifika mahali wakaongeza waranti za CVT kule Marekani kwa gari za 2003 hadi 2010, mpaka miaka 10 au maili 120,000, kampuni haifanyi hivyo kwa kupenda. Ila usichanganye na hybrid za Toyota kama Prius, wanaiita e-CVT lakini ndani hakuna mkanda hata kidogo, ni gia za sayari na mota za umeme, hiyo ni mashine nyingine kabisa na ni ngumu kweli kweli.

Ya tatu ni ya klachi mbili, wenye VW wanaiita DSG. Hapa uliza swali moja tu, klachi ni kavu au zinaogelea kwenye oili? Kavu ndizo zenye kesi nyingi, DQ200 ya gia 7 ya VW ni mfano, mwaka 2013 waliita gari zaidi ya 380,000 zirudi kurekebishwa China kwa ajili ya DSG, na PowerShift ya Ford Focus na Fiesta nayo iliwafikisha mahakamani Marekani. DQ250 ya gia 6 iko ndani ya oili na inavumilia zaidi, ila inataka oili mpya kila km 60,000, mwenye gari asipokuwa na risiti za hiyo kazi hesabu kwamba haikufanyika.

Ipo na ile ya manyuo iliyowekewa roboti ya kukanyaga klachi. Ni rahisi kutengeneza, inakera kuendesha, tusonge.

Hatua ya 2: mwambie asiiwashe

Ukipanga miadi mwambie muuzaji wazi kabisa, nikute gari haijawashwa. Ukifika usianze na rangi wala tairi, weka kiganja juu ya boneti. Kuna siku nilifika na mteja boneti ina joto, muuzaji akasema ah niliisogeza tu ili nioshe. Tukaizungusha, kila kitu kizuri, mteja tayari anataka kulipa. Nikamwomba tulale nayo mawazo, kesho yake alfajiri tukarudi bila kupiga simu, boneti baridi, nikawasha nikatia rivasi nikaanza kuhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, ndipo ikashika kwa kishindo mpaka kioo cha kati kikatikisika. Muuzaji akaanza kuangalia viatu vyake.

Sababu yake ni ya kawaida tu, sili za mpira ndani ya gia boksi zikizeeka zinakauka, zikiwa baridi zinavujisha presha, zikipata moto zinalainika zinaziba. Kinyume chake, gari inayosumbua ikiwa ya moto mara nyingi ni oili imekuwa nyepesi na sehemu zilizolika za pampu au valvu bodi (ile yenye njia na valvu za kugawa presha ya oili) zinashindwa kushika presha.

Hatua ya 3: oili, na hapa usiwe na haraka

Kama kuna dipstiki basi una bahati. Gari nyingi zinapimwa injini ikiwa inaunguruma na gia iko P, baadhi ni N, Honda wao wanataka uzime kwanza, kwa hiyo soma kitabu cha gari. Kiwango cha kweli unakisoma ikiwa ya moto, lakini rangi na harufu unaweza kuviangalia hata ya baridi.

Mimi natembea na tishu nyeupe. Dondosha tone moja uliache dakika chache. Oili nzuri inasambaa inaacha doa la waridi au jekundu lililofifia, lile doa ni sawasawa mpaka ukingoni. Oili iliyochoka inasambaa kahawia, hiyo sio msiba, ni deni la sevisi. Ile ya kukimbia inaacha kitone cheusi katikati ambacho hakisambai, ule weusi ni unga wa klachi, na ukinusa utasikia harufu ya kuungua kama mkate uliosahaulika jikoni. Kisha chukua kidogo usugue kati ya vidole viwili kwenye jua, ukiona inametameta hicho ni chuma.

Na ukiona rangi ya maziwa yenye uwaridi usiendelee na ukaguzi, rudi nyumbani. Hayo ni maji ya rejeta yameingia kwenye gia, kwa sababu gari nyingi zinapoza oili ya gia ndani ya rejeta hiyohiyo, likitoboka humo ndani vitu viwili vinachanganyika na gundi ya klachi inaachia. Nissan Pathfinder na Frontier za 2005 hadi 2010 zilijulikana sana kwa ugonjwa huu. Ndiyo maana fungua na mfuniko wa rejeta pia (ikiwa baridi tafadhali), ukikuta mafuta yanaelea ni hadithi ileile kutoka upande wa pili.

Gari za siku hizi nyingi hazina dipstiki, zinapimwa kwa kufungua bolti chini gari ikiwa juu ya lifti na oili iko kwenye joto maalum. Hapo utabaki na historia. Muuzaji atakwambia "hii oili ni ya maisha, kiwanda kimesema haibadilishwi." Mjibu kwa upole kwamba ZF wenyewe, waliotengeneza gia boksi, wanashauri oili ya 8HP ibadilishwe kati ya km 80,000 na 120,000 au ikifika miaka 8.

Oili mpya nyekundu kama damu kwenye gari ya kilomita nyingi isikufurahishe haraka. Labda mwenyewe ni mtunzaji, labda kamwaga juzi kuficha kitu. Risiti ya lini?

Hatua ya 4: skana kabla ya kuendesha

Kale kaskana ka OBD2 ka bei ndogo, kanakochomekwa kwenye gari kusoma kodi za hitilafu, kanaweza kusoma P0700, ambayo maana yake ni kwamba kompyuta ya gia ina malalamiko, lakini malalamiko yenyewe yanataka skana inayoingia kwenye gia boksi, kwa hiyo azima ya fundi. P0730 ni uwiano wa gia haueleweki, yaani kuna mtelezo. P0741 ni klachi ya torki konveta. Kwenye CVT za Nissan ukikuta P17F0 au P17F1 ujue ni kutetemeka kwa CVT.

Kisha angalia sehemu ya vipimo vya utayari (readiness), vile ambavyo kompyuta ya gari inajipima yenyewe. Vikiwa vingi havijakamilika, mtu kafuta kodi siku hizi mbili tatu au kachomoa betri. Mwulize tu, "betri ilitolewa lini?" halafu nyamaza, usimsaidie kujibu.

Hatua ya 5: gari imesimama

Breki ya mguu imekanyagwa, injini imetulia. Toka N kwenda R, subiri, rudi N, nenda D, subiri. Inatakiwa ishike ndani ya sekunde moja hivi, kwa upole. Kuchelewa ni presha. Kishindo kinaweza kuwa valvu bodi, lakini kabla hujahukumu mwambie mtu aangalie injini wakati unabadilisha, ikirukaruka kama inataka kutoka basi ni mauntingi (zile raba zinazoshikilia injini na gia boksi) zimekufa, na hizo ni rahisi. Nimeona watu wakiacha gari nzuri sana kwa ajili ya mauntingi.

Hatua ya 6: barabarani

Mwanzo endesha kipole, mguu mwepesi, uzisikie gia zinavyopanda. Macho kwenye mshale wa rpm: ukipanda ghafla huku gari haiongezi mwendo, gia inateleza, mazungumzo yameisha. Redio zima, na muuzaji akiongea sana mwombe anyamaze.

Ikishapata moto tafuta barabara tambarare ukae kwenye spidi 60 mpaka 80 na mguu usiosogea. Hapo ndipo torki konveta inafunga klachi yake, na kama imechoka utasikia mtikisiko kama unapita juu ya matuta madogo madogo, sekunde moja au mbili. Sasa injini yenye plagi mbovu nayo inatikisika hivyohivyo, utatofautishaje? Wakati unatikisika gusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto, kugusa tu taa ya breki iwake, mafuta usiachie. Gari nyingi zikiona breki zinafungua ile klachi, mtikisiko ukikata palepale ni konveta, ukiendelea nenda ukaangalie plagi na koili.

Halafu kanyaga mafuta mpaka chini mara moja, ishuke gia ivute bila kusitasita. Kisha mlima, rivasi ukipanda kinyumenyume, watu wengi hawajaribu hili na rivasi ndiyo inayobeba mzigo mkubwa.

CVT isikie kwa masikio zaidi, mlio mwembamba unaopanda pamoja na spidi ni beringi, na ikipoteza nguvu baada ya mlima mrefu inajilinda kwa sababu oili imechemka. Ya klachi mbili ipeleke kwenye foleni, itambae mita mbili isimame, itambae isimame, kama mara ishirini. Klachi kavu iliyokwisha itatetemeka ukitoka gia ya 1 kwenda ya 2.

Hatua ya 7: rudia ikiwa ya moto

Usizime. Rudia hatua ya 5 yote. Soma skana tena, maana kodi iliyofutwa juzi inaweza kurudi baada ya mzunguko kama huu. Kisha chungulia chini: jasho la oili kwenye sili ni la kawaida kwa umri, tone linalodondoka sio la kawaida.

Hatua ya 8: umeinunua, sasa oili

Hata gari ikifaulu yote mimi namwaga oili wiki ya kwanza, na simwagi kwa ile mashine ya kusukuma yote kwa presha kama gari haina historia, namwaga kwa bolti tu. Hapo inatoka sehemu tu ya oili, nyingi inabaki kwenye konveta, kwa hiyo narudia baada ya kutembea kidogo, na tena mara ya tatu. Fungua sampo (lile bakuli la oili chini ya gia boksi) uangalie sumaku zake. Ukikuta tope la kijivu laini kama dawa ya meno, futa urudishe, hilo kila gia boksi inalo. Ukikuta vipande vinavyokwaruza kidole, piga picha, sampo usiifunge kwanza, mpigie fundi wako aje aone kabla hujamimina oili mpya ya gharama juu yake.