Pafyumu ghali ya maua na vanila, usilipe hapohapo

Wapenzi wa pafyumu za maua zenye utamu, hizi za kina La Vie Est Belle, mkiwa dukani kwenye eisii msitoe hela kwanza. Omba testa (chupa ya kujaribia), jipulizie mara moja tu mkononi kwa ndani, usisugue, halafu toka zako ukatembee na joto la Tanga, kama ni Ngamiani kama ni Raskazone, unuse tena baada ya masaa manne matano. Maana kinachokuvutia mwanzoni ni peasi na matunda matunda yanayoruka upesi na spiriti, maua yanafuata, afu mwisho ndo inabaki vanila, pralini (harufu ya njugu za sukari) na pachuli (majani yenye harufu kama ya udongo), vitu vizito, na hiyo ndo utashinda nayo kwenye daladala na jasho. Jioni ukijikuta bado unanusa mkono, nunua. Ikiwa imegeuka kashata iliyoungua achana nayo hata chupa iwe nzuri vipi (na chupa ndo zinatuponza wengi). Ila kama asubuhi umejifukiza udi au umepaka losheni ya harufu haisaidii, unanusa mchanganyiko, na mwenye mafua ndo kabisa asijisumbue.