Mwaka Kogwa usiishie kwenye simu: tuutunze vipi

Kila Julai simu zinajaa video za Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya wa jadi kule Makunduchi, Unguja: wanaume wanapigana kwa vipande vya migomba, kibanda cha makuti kinawaka, watu wanakimbia, halafu basi mpaka mwakani. Ukimuuliza aliyerekodi zile nyimbo za kinamama zinasemaje, hajui. Hilo ndo linaloniuma mie, maana tunahifadhi moshi tu na maneno yanapotea.

Kwa hiyo anza kabla ya siku yenyewe, hata miezi miwili kabla. Nenda kwa wazee ukiwa na mtu wanaemjua, kaa, kunywa chai, uliza nani anafanya nini: nani anajenga kibanda, nani anaingia ndani kabla hakijatiwa moto, mganga anaanzia wapi, nani anaongoza nyimbo, nyumba zipi zinapika kwa ajili ya wageni. Andika yote. Ukiona kazi fulani anaijua mtu mmoja tu na keshazeeka, hapo ndo pa kukimbilia kwanza, na dawa yake si kumrekodi peke yake, ni kumtafutia kijana wa kufuatana nae mwaka mzima ajifunze kwa mikono. Rekodi haiwezi kujenga kibanda.

Halafu omba ruhusa, na uulize pia nini HAKIRUHUSIWI. Kuna maneno ya mganga ambayo si ya kila sikio, wakisema zima simu, izima. Hata ule mkataba wa UNESCO wa 2003 wa urithi usioshikika, yaani mila, nyimbo na ujuzi, ambao Tanzania iliuridhia 2011, unataka wenye mila washirikishwe, sio mtaalamu aje na fomu zake amalize kila kitu ofisini.

Sasa nyimbo, hapa jamani tusifanye haraka. Siku yenyewe kuna kelele, upepo, vumbi, hutosikia kitu, kwa hiyo waombe kina bibi wakuimbie siku nyingine nyumbani, simu iwe karibu na mdomo, feni izimwe, na mwanzo wa rekodi useme tarehe, mahali na nani anaimba kama amekubali kutajwa. Kisha andika maneno kwa Kikae, lahaja ya Makunduchi, vilevile yanavyotamkwa, usiyanyooshe yawe Kiswahili cha shule, tafsiri weka pembeni, halafu mrudie bibi umsomee maana lazima atakusahihisha. Zile nyimbo zinasema mapenzi, zinasema maisha, na nyengine zinamsema mtu kabisa, na huyo mtu yupo hapo kijijini, kwa hiyo usizipandishe mtandaoni bila kuuliza. Kopi weka tatu, moja ibaki kijijini kwenyewe, na usitegemee memori kadi moja.

Watoto wasiwe watazamaji. Wabebe makuti, wafundishwe nyimbo kabla, waelezwe kwa nini watu wanapigana, kwamba kinyongo cha mwaka mzima kinamalizwa pale uwanjani na kwenye mwaka mpya mtu anaingia mwepesi. Tena waambiwe mwaka wenyewe una siku 365 basi, hauna siku ya kuongeza kila baada ya miaka minne, ndo maana ukilinganisha na kalenda ya ukutani unarudi nyuma polepole, zamani za babu wa babu zetu ulikuwa unaangukia Agosti. Kwa hiyo tarehe waulizwe wazee. Mie sikubaliani kabisa na wazo la kuusogeza uwe wikiendi ili watalii wawahi.

Watalii waje, mgeni siku ile ni baraka, nyumba isiyopata mgeni inaona imepungukiwa. Ila wapangiwe pa kusimama mbali na moto, na wapate kijana wa palepale wa kuwaelezea, alipwe.

Wenzetu Wamijikenda kule pwani ya Kenya, mila zao za kaya, ile misitu yao mitakatifu, ziliingizwa mwaka 2009 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Orodha inasaidia kupata sauti, lakini wa kuingia msituni na kufanya ibada ni wao wenyewe, na kwetu pia ni hivyohivyo.

Mwaka huu ukienda, fika asubuhi, simu iweke mfukoni kwanza, kaa na kinamama wanaoimba, jifunze japo ubeti mmoja uuitikie, na kabla hujaondoka mwambie mmoja wao utarudi wiki ijayo na daftari. Na urudi kweli.