Kumbuka "berenjena" kupitia biringanya

Ukijifunza Kihispania, usikariri "berenjena" kama neno geni: liweke kando ya biringanya, kwa kuwa ni tunda lilelile na asili ya maneno hayo ni moja. Kiajemi kilikuwa na "badengan", Waarabu wakasema "badhinjan", na Waarabu wa Andalusia, eneo la Hispania walilolitawala zamani, wakalifikisha kwa Wahispania. Wakatalani, watu wa kaskazini-mashariki mwa Hispania, walilichukua pamoja na kiambishi cha Kiarabu "al-" wakapata "albergínia", na humo ndimo Wafaransa walimotoa "aubergine".

Tamka be-ren-KHE-na: j hiyo ni kh ya "kheri", si j ya "jana", na mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kama tulivyozoea. Andika kwa j. "Berengena" ni kosa la kawaida hata kwa Wahispania wenyewe, kwa kuwa g mbele ya e hutoa sauti ileile. Jinsia yake ni ya kike: la berenjena, las berenjenas. Sokoni sema "medio kilo de berenjenas", yaani nusu kilo. Ukisikia "meterse en un berenjenal", neno kwa neno ni kujiingiza kwenye shamba la mabiringanya. Maana yake ni kujitia matatani.

Mbinu hii hukwama kwa mboga zilizotoka Amerika. "Tomate" ni la Kinahuatl cha Meksiko, kwa hiyo Kiarabu hakikusaidii. Na ukiwa Hispania, "berenjenas de Almagro" ni vibiringanya vidogo vilivyosindikwa kwa siki na viungo. Usivinunue ukitaka vya kukaanga.